Maafa ya Mbali na Hospitali Ndogo: Itume Nini, Imtume Nani?

Tetemeko linapoangusha mji nchi ya mbali, hospitali ndogo ya jamii nayo huguswa. Wauguzi huchangishana, stoo hufunguliwa, daktari wa upasuaji huomba ruhusa aende. Wapo wanaopinga: hospitali yenye wataalamu wawili wa usingizi ikimtoa mmoja, mama atakayehitaji upasuaji usiku wa manane atamkuta aliyebaki amekesha zamu mbili mfululizo. Huo si uchoyo, na hoja yao naiheshimu.

Ila sikubali kwamba hospitali ndogo haina cha kutoa. Tetemeko la Haiti la Januari 12, 2010 liliwaacha maelfu wamekatwa viungo, na kidonda cha namna hiyo hakiishi siku ya upasuaji. Bandeji iliyogandia nyama hulowekwa kwa maji ya chumvi, ikabanduliwa taratibu, kigutu kikasafishwa na kufungwa upya, kesho tena. Kazi hiyo muuguzi wa hospitali ndogo anaijua kwa mikono yake, tena vifaa vikiwa haba. Wiki ya tatu, waandishi wa habari wakishaondoka, ndipo anapohitajika hasa.

Ugumu upo kwenye namna ya kwenda. Shirika la Afya Duniani hutaka timu za kigeni zijitegemee kwa chakula, maji na malazi. Timu ya upasuaji ya daraja la pili iwe na vitanda visivyopungua 20 na imudu upasuaji mkubwa 7 kwa siku. Hospitali ndogo ikienda peke yake itagombania maji na majeruhi. Afadhali imwazime muuguzi mmoja kwa timu iliyokwisha kutambuliwa, naye awe amefunzwa mapema.

Maboksi ya dawa yananitia hofu zaidi. Bosnia, nchi ya Ulaya iliyokumbwa na vita, ilirundikiwa kati ya 1992 na 1996 takriban tani 17,000 za dawa zisizofaa. Mwongozo wa shirika hilohilo unataka dawa ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, na lebo isomeke kwa wahudumu wa huko. Kumpelekea mfamasia aliyefiwa vidonge vilivyobakiza miezi miwili kuisha muda ni kumwongezea mzigo. Fedha zingemfaa zaidi.

Kwa hiyo bodi ikiletewa ombi la safari, iangalie kwanza ratiba ya wodi. Jina la atakayeshika zamu za anayeondoka liwe limeandikwa, wiki zote, kabla tiketi haijakatwa.