Lita Saba Zinatosha

Belo la mabegi ya mtumba likifunguliwa asubuhi Kibuye, soko la Kisumu, wanunuzi hukimbilia makubwa kwanza: la lita 25, la lita 30, lenye mifuko minane na mkanda mnene wa kiunoni. Kwa mwanafunzi au abiria wa matatu, hapo amepata. Kwa anayetaka kukimbia mlimani ni hasara, hata akiuziwa kwa shilingi mia.

Tunalosema sisi ni hili. Begi la mbio za mlimani za saa tatu au nne lisipite lita 7, likiwa tupu lisipite gramu 350, na pesa inayobaki mpelekee fundi wa viatu akuhamishie mikanda. Begi la bei ya chini likikusumbua, mara nyingi kitambaa hakina kosa. Mikanda yake ilishonewa mtu anayetembea, na anayekimbia ni kiumbe mwingine kabisa.

Piga hesabu ya mzigo kabla ya kutazama begi lolote. Chukua Mlima Longonot, kule upande wa Naivasha. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita 3, kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2, kisha unarudi ulikotoka. Kilele kiko mita 2,776 na njiani hakuna pa kuteka maji. Maji lita 1 ni kilo 1. Koti jepesi la mvua gramu 250, simu gramu 200, ndizi mbili na konzi ya njugu gramu 300, filimbi, bandeji na pesa kidogo gramu 100. Jumla ni kilo 1.85, ongeza begi lenyewe, unafika kilo 2.2. Sasa tazama nafasi: maji lita moja, koti lililokunjwa lita moja, vingine vyote lita moja na nusu. Hiyo ni nusu tu ya lita 7. Mwenye begi la lita 20 anabeba hewa ya lita 16 na zaidi, na hewa hiyo ndiyo inayoiruhusu chupa kwenda kushoto ukikanyaga kulia.

Ushauri mwingi wa mtandaoni kuhusu mabegi haya umetoka Uingereza, na haishangazi, maana mchezo una mizizi mirefu huko kaskazini, kwenye milima ya Lake District, ambako mwaka 1932 Bob Graham alizunguka vilele 42 ndani ya saa 24. Adui wa kule ni ukungu, upepo na mvua baridi. Kwenye mbio ndefu za huko mkimbiaji hutakiwa abebe koti na suruali visivyopitisha maji, kofia, glavu, ramani, dira, filimbi na chakula cha dharura. Maji mara nyingi anayakuta kwenye vijito. Begi lao, kwa hiyo, ni kabati la nguo. Letu, kuanzia kreta ya Menengai hadi miteremko ya Elgeyo, ni mtungi. Ndiyo maana begi lenye tumbo kubwa nyuma na pasipo pa kuweka chupa mbele halitufai, hata lisifiwe vipi. Mlima mrefu kama Elgon ndio unaovuruga hesabu hii: ukilenga Koitoboss, mita 4,222, baridi na mvua ya mchana vinakurudisha kwenye orodha ya Waingereza, na hapo lita 10 au 12 zina sababu.

Sokoni, usianze na bei. Omba chupa ya maji ya lita moja, izungushie sweta, itumbukize ndani, funga mikanda yote, kisha ruka mara kumi papo hapo. Muuzaji atacheka, mwache acheke. Inua mikono yote miwili juu ya kichwa. Begi likipanda hadi kisogoni, mikanda haijashika kifua. Sehemu ya chini iishie kwenye ubavu wa mwisho. Ikifika kiunoni itapigwa na nyonga kila hatua, na baada ya kilomita 5 utakuwa umeota kidonda juu ya mkanda wa kaptura. Kuhusu uzito, wauza nyanya wako hapo karibu. Weka begi tupu upande mmoja wa mzani na mawe yenye jumla ya gramu 350 upande wa pili. Likishinda mawe, lirudishe.

Vinavyofaa zaidi ni vibegi vya maji vya waendesha baiskeli, hasa vya watoto. Utavitambua kwa wembamba wake, mgongo wa wavu, na tundu dogo karibu na shingo la kupitishia mpira wa kunyonyea. Wateja wa kamera, yaani wanaochagua wa kwanza belo likifunguliwa, huvipita kwa sababu havitoshi hata madaftari mawili, kwa hiyo mara nyingi utavikuta kwenye fagia, yaani masalio ya mwisho ya belo. Kigeuze ndani nje. Kitambaa kikiwa na utando unaobanduka kama ngozi iliyoungua jua, au kikinata vidoleni, mpako wa kuzuia maji umeshakufa. Bado kinatumika, ila bei ishuke. Vuta zipu mara tano mbele na nyuma. Kisha shika mzizi wa kila mkanda, pale unapoungana na begi juu ya bega, uvute kwa nguvu. Uzi ukionyesha meno, hapo ndipo patakapokatika, na patakatika ukiwa unateremka.

Sponji nene kwenye mikanda huvutia macho dukani, nasi hatuna imani nayo. Hunywa jasho, ikiloa inakuwa nzito, na kingo zake huchubua mtulinga. Mkanda mpana wa wavu, sentimita 6 hadi 7, hulala vizuri zaidi.

Sasa twende kwa fundi wa viatu. Si fundi wa nguo, maana cherehani ya nguo hukwama kwenye tabaka nne za mkanda wa nailoni, na uzi wa pamba huoza kwa jasho. Fundi wa viatu ana sindano nene na uzi wa nailoni. Vaa begi mbele yake likiwa na maji ndani, yeye aweke alama kwa chaki. Mkanda wa kwanza wa kifua ukae kama sentimita 5 chini ya mtulinga. Wa pili sentimita 12 hadi 15 chini ya huo. Mabegi mengi ya bei nafuu yana mmoja tu, na mmoja hauwezi kuzuia begi lisiyumbe: unashika juu huku chini kunacheza. Tumia mkanda wa nailoni wa milimita 20 na klipu ya kipimo hichohicho. Klipu ya 25 kwenye mkanda wa 20 huteleza, na mkanda ukiloa jasho huteleza zaidi. Mwambie ashone kisanduku chenye msalaba katikati, si mstari mmoja, na ncha za mkanda azichome kwa kiberiti zisifumuke. Katikati ya mkanda wa kifua aunganishe kipande cha lastiki cha sentimita 4. Bila lastiki, ukivuta pumzi nzito mlimani mkanda unakubana, unaulegeza, na begi linaanza tena kudunda.

Mifuko ya chupa kwenye mikanda ya bega ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote. Chupa ya kawaida ya maji ya nusu lita ina mzunguko wa karibu sentimita 20. Mkanda wa bega unachukua 6 kati ya hizo, kwa hiyo kitambaa cha mbele kiwe na upana wa sentimita 14, ongeza 2 za mshono. Kina chake kiwe kama sentimita 14, mdomoni pashonwe lastiki, shingo ya chupa ibaki nje. Kitambaa cha wavu kinafaa kuliko turubai kwa sababu hakishiki maji. Angalizo moja: mdomo wa chupa usipite mtulinga, la sivyo utakugonga kidevuni kila unapoinama kupanda. Mwanamke anayeshonesha mifuko hii aivae na sidiria yake ya mazoezi wakati wa kupima. Kwa wengi chupa hukaa vizuri zikisogezwa nje kidogo kuelekea kwapa, mkanda mmoja ukipita juu ya matiti na wa pili chini yake. Fundi wa kiume huona haya kupima hapo. Weka alama mwenyewe.

Kwa yote haya, yaani begi, mikanda, klipu, lastiki na mkono wa fundi, tungeweka kikomo cha shilingi 1,500. Ukishavuka hapo, linganisha na vesti ya kukimbilia ya mtumba yenye mifuko ya mbele tayari, maana siku nyingine huibuka.

Kuhusu maji, wapo wanaoapa kwa mfuko wa mgongoni wenye mpira wa kunyonyea. Una uzuri wake: uzito unakaa karibu na uti wa mgongo. Lakini hujui umebakiza kiasi gani hadi unyonye hewa, na kuusafisha ni adhabu. Wa mtumba usinunue kamwe; begi la mtumba sawa, mfuko wa maji wa mtumba hapana, kwa kuwa ukungu huota ndani ya mpira ambako brashi haifiki. Ukiwa na mpya, ujaze, ufunge, uugeuze juu chini, kisha unyonye hewa yote itoke. Hewa ndiyo inayofanya maji yapige kelele chubwi-chubwi mgongoni. Chupa ya plastiki nayo hufuata kanuni hiyohiyo: kila ukinywa, ifinye hewa itoke ndipo ufunge kifuniko. Itakunjamana, haitapiga kelele, na mzigo hautacheza. Unywe kushoto na kulia kwa zamu, si kumaliza moja kwanza, vinginevyo begi litapinda.

Mvua itapita tu kwenye kitambaa, hata wauzaji waseme nini. Kama si kitambaa, ni mshono na zipu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, ule mfuko wa sokoni uliotumika kufungia vitu haupo. Karatasi ya nailoni ya mkate wa gramu 400 inafanya kazi hiyo: simu na pesa ndani, ikunje mdomo mara tatu, ifunge kwa mpira wa kufungia noti. Ikague kwanza kwa kuipuliza kama puto, kwa sababu mara nyingi huwa na kitundu pale ilipofungwa.

Vumbi la Longonot na Menengai ni la volkano, lina ncha, na hula zipu haraka kuliko mvua. Baada ya kila mbio suuza zipu kwa maji baridi, piga mswaki wa zamani kwenye meno yake, kisha paka nta ya mshumaa. Begi zima lioshe kwa sabuni ya kipande na ulianike kivulini. Jua kali la mchana hudhoofisha nailoni na kuua lastiki. Mfuko wa maji uning'inize na mwiko safi ndani ili kuta zisishikane.

Mishono ya mikanda ya kifua ikague kila baada ya wiki tatu hivi. Uzi ukianza kufumuka kwenye kona ya kisanduku, rudi kwa fundi mapema, na usingoje wiki ya kufungua shule. Wiki hiyo foleni yake yote ni viatu vya watoto.