Tetemeko la mtu mmoja

Ile odio yangu, napiga kelele za tetemeko alfajiri, najua mmeisikia. Hata muuza makala wa kona yetu, mtu asiyesalimia, leo kanipigia kelele "mutoke inje!" akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Rafiki yangu, yule mnayemjua, alirekodi sekunde 40 akazitupa kwenye makundi yote ya mtaa wetu wa Majengo, na chini yake akaandika: kasiksi mbaya. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, sikugusa. Nilikuwa nimekula bugali na sambaza, nikalala saa tatu kama mtoto wa shule.

Saa kumi na moja alfajiri nikageukia kuume kutafuta ubaridi wa mto. Sekunde moja, mbili, kimya. Kisha nyumba ikaondoka. Balbu ilikuwa inawaka (huku umeme ukirudi usiku nani anazima?), nikaiona inapanda huku inajipinda, inarudi pake ghafla, inapanda tena. Kitanda nacho kimeinama upande mmoja kama mtumbwi uliopakiwa vibaya.

Sasa ninyi wa Lubumbashi mtacheka, lakini mtu wa Goma hafikirii kizunguzungu cha sikio. Sisi tuliokuwa hapa Mei 2021, volkano yetu Nyiragongo ikatema moto tarehe 22, halafu ardhi ikatikisika siku baada ya siku mpaka tukaamriwa kuhama, tuna wazo moja tu. Mwaka ule nilitembea hadi Sake na godoro kichwani. Miguu ilikumbuka kabla yangu. Nikashtukia niko mlangoni, godoro kichwani, nimevaa kalisoni. Yenye tundu. Odio haina picha, Mungu ni mwema.

Nikainama ili godoro lipite mlangoni, dunia ikazunguka upya. Kwangu hilo lilikuwa tetemeko la pili, kubwa zaidi. Nikapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Tetemekooo! Mutoke inje! Mutoke!"

Walitoka. Parseli yetu haihitaji kuambiwa mara mbili. Mama wa nyumba ya mbele alishafunga mtoto mgongoni na ameshika bahasha ya karatasi zake, viatu mguuni, nadhani hulala navyo. Wanafunzi wawili walibeba televisheni. Parseli ya jirani nayo ikaamka, halafu avenyu yote. Mtu akawasha pikipiki.

Mzee mwenye parseli ndiye aliyetoka wa mwisho, blanketi begani, tochi mkononi. Hakukimbia. Alikwenda mpaka kwenye beseni la maji lililokaa katikati ya kiwanja, akamulika ndani, akatazama. Sote tukatazama. Kulikuwa na jani la sombe linaelea. Halikusogea. Alisubiri, mzee huyu, kama mtu anayesubiri chai ipoe. Jani lilikaa palepale.

"Kijana," akasema, "maji iko inalala."

Akageuza sikio kando kidogo. "Na mbwa pia iko inalala."

Hapo ningenyamaza. Ningesema nimeota, watu wangenitukana kidogo, tungelala. Lakini mimi nikasema, "Papa, si unaona hata paa inakwenda?" na nikainua kichwa kumwonyesha paa. Kumbe kuinua kichwa ndiyo sumu yenyewe. Paa likaenda kweli, nami nikalifuata kinyumenyume, mimi na godoro langu, taratibu, kila mtu akiwa na nafasi ya kutosha ya kutazama, mpaka nikakaa ndani ya sufuria ya maharagwe ambayo mama wa nyumba ya mbele aliloweka jioni.

Kimya. Maharagwe yalikuwa ya baridi.

Mwanafunzi mmoja akashusha televisheni chini. "Yaya," akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, "hii tetemeko iko yako weye peke."

Nami, ndani ya maharagwe, nikapiga tena "mutoke inje!" Hapo ndipo odio inapoanza.

Yaliyofuata ni haraka. Pikipiki ya motari, kutapika njiani, kutapika tena, zahanati. Daktari, dada mdogo tu, akaniuliza kama niligonga kichwa. Jumamosi nilianguka na pikipiki kwenye mawe ya volkano, ndiyo. Akasema huenda ni hiyo, ingawa yaweza kuja yenyewe. Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji mitatu iliyopinda, imejaa majimaji, na jirani yake kuna chumba chenye vijiwe vidogo sana vya chokaa. Vijiwe vyangu vimetoroka vikaingia mferejini. Nikigeuza kichwa vinaviringika, vinasukuma majimaji, sikio linaambia macho "kichwa bado kinazunguka", na macho, bila kuuliza, yanaanza kukimbia. Yamezoea kutii. Tazama kiganja chako halafu tikisa kichwa: mistari unaiona vizuri. Sasa tuliza kichwa, tikisa kiganja kwa kasi ileile. Jaribuni, nawangoja.

Mmeona? Sikio ndilo linaloyashikia macho. Langu likasema uongo, avenyu nzima ikaamka.

Akanilaza ghafla, kichwa kikining'inia nje ya kitanda, kimegeukia kuume, akanikazia macho. "Yanacheza. Vizuri." (Vizuri kwa nani?) Kisha: "Lia, tapika, lakini lile neno usiliseme, kolida imejaa watu." Odio ilifika kabla yangu! Akanigeuza kushoto, kisha mwili mzima mpaka pua ikatazama sakafu, akanikalisha. Njia ya daktari Mmarekani, John Epley, ya kuviringisha vijiwe virudi chumbani kwao. Hakuna sindano. Tulirudia mara mbili, nyumba ikasimama.

Maharagwe nimelipa. Godoro bado linanuka.

Jana mama mukubwa akapiga simu kutoka Bukavu, analia, naye ameisikia. Nikamweleza yote. "Mama mukubwa, haikuwa pombe. Ni mawe. Mawe ndani ya sikio."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha nikamsikia anamwambia mtu pembeni:

"Afazali ingekuwa kasiksi."