Chuo cha polisi kwenye kambi ya SS, na mswahili mwenzetu aliyefia ng'ambo ya ukuta

Nianze na mtu wetu kwanza, chuo kitafuata.

Mwaka 1904 Dar es Salaam alizaliwa mtoto akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed, baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na vita ya kwanza ya dunia ilipoanza dogo naye akaingia jeshini, yaani katoto ka miaka kumi hivi kamevaa sare kanampigania Kaisari ambaye hata hakajawahi kumuona. 1929 akatua Berlin. Kule akajulikana kama Bayume Mohamed Husen, akawa weita kwenye jumba la starehe pale Potsdamer Platz, akapata visehemu vidogo vidogo kwenye filamu, na akawa anasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Alikuwa na madai pia, mshahara wa vita wa kwake na wa baba yake ambao haukulipwa, akaambiwa amechelewa. 1941 wakamkamata, kosa lake eti kuwa na mwanamke wa kizungu, mahakamani hakupelekwa, wakampeleka kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen na huko huko akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Sasa hiyo Sachsenhausen iko Oranienburg, mji mdogo kama kilomita 35 kaskazini mwa Berlin, mwisho kabisa wa treni ya S1, ukishuka stesheni unatembea kama dakika 20 umefika. Na pembeni ya ile kambi, kwenye eneo ambalo zamani lilikuwa makazi ya askari wa SS, kikosi cha Hitler kilichokuwa kinaendesha kambi, waliokuwa wanalinda wafungwa, tangu 2006 ndo kuna chuo cha polisi cha jimbo la Brandenburg. Soma tena hiyo sentensi. Vijana wanaojifunza kuwavisha watu pingu wanajifunzia pale pale walipokuwa wanalala wale walinzi wa kambi.

Mi nilivyojua nilikasirika kwanza. Nikasema hawa jamaa hawana aibu? Ujerumani nzima ilivyo kubwa mmekosa kiwanja? Ila kadiri nilivyozidi kusoma kuhusu chuo na kuhusu polisi wao nikabadilika, na leo naona kama kuna chuo cha polisi duniani kiko mahali sahihi ni hicho, ila kwa sharti moja ambalo nitalisema huko mbele maana bila hilo ni majengo tu.

Kwanza mfumo wenyewe. Ujerumani polisi ni mambo ya majimbo, yako 16, kila jimbo lina polisi wake na sheria yake ya polisi na utaratibu wake wa kuwafundisha, serikali ya shirikisho ina polisi wake wa mipaka na reli na ofisi yake ya upelelezi basi. Juu ya hapo kuna chuo kimoja cha wote kule Münster ambacho wanaoandaliwa kuwa wakubwa wanaenda kumalizia digrii ya pili. Hawa wa kawaida, wa doria, wa kuja kugonga mlango wako saa nane usiku, wanafundishwa jimboni. Brandenburg ukiingia una njia mbili, kuna mafunzo ya miaka miwili na nusu na kuna digrii ya miaka mitatu. Kuna majimbo mengine kama North Rhine-Westphalia yameamua kila polisi mpya apite kwenye digrii, hakuna njia ya mkato. Na wote hao wanalipwa tangu mwezi wa kwanza, zaidi ya euro 1,000, kwa sababu kisheria tayari ni watumishi wa serikali, wa daraja ambalo ukizingua unaondolewa kirahisi.

Wanasoma nini miaka mitatu? Hili ndo swali watu wanauliza kwa dharau, eti kukimbiza mwizi nako kuna digrii. Wanasoma katiba, jinai, sheria ya polisi ya jimbo, upelelezi, saikolojia, maadili ya kazi, halafu ndo inakuja shabaha, kujihami, kuendesha gari, mazoezi ya mwili, na katikati wanatolewa kwenda fildi kwenye vituo halisi wanakaa na maaskari wazoefu kisha wanarudi darasani. Sheria inachukua nafasi kubwa kweli. Kifungu cha kwanza cha katiba yao kinasema utu wa mtu hauguswi na kazi ya dola yote ni kuuheshimu na kuulinda, ukisoma haraka unaona maneno matamu tu ya wanasheria, ila kumbuka nani aliyaandika na lini: 1949, miaka minne tu baada ya Wanazi kuanguka.

Marekani wastani wa mafunzo ya awali chuoni ulikuwa saa 833 hivi, kwa ripoti ya serikali yao ya 2018, ambayo ni kama wiki 20 na kidogo, halafu unatembezwa na mzoefu kwa muda ndo unaachiwa. Wakati huo huo waliouawa kwa risasi za polisi Ujerumani nzima kwa miaka mingi walikuwa kama kumi hivi kwa mwaka, Marekani kama elfu moja. Msinirukie, najua kule bunduki zimejaa majumbani na nchi ni kubwa zaidi, sisemi ni darasa peke yake. Na Wajerumani nao sio malaika wa mafunzo, 2016 wakimbizi walipokuwa wengi na askari wamepungua jimbo la Sachsen lilirudisha askari wasaidizi wa kulinda majengo waliofundishwa wiki 12 tu na kukabidhiwa bastola. Tatizo likibana kila mtu anapunguza shule kwanza.

Turudi kwenye ukuta wa kambi.

Watu wengi wakisikia kambi wanafikiria Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wale wa makoti marefu ya ngozi. Basi polisi wa kawaida anapona, anasema hao walikuwa wengine. Uongo. Juni 1936 Himmler, ambaye tayari ndo mkuu wa SS, akapewa na polisi wote wa nchi, na kiangazi hicho hicho Sachsenhausen ikaanza kujengwa. Miaka miwili baadaye, Juni 1938, polisi wa upelelezi wa kawaida kabisa, wale wa wizi na mauaji, walizunguka miji yote wakikamata ombaomba, wasio na makazi, walevi, Wasinti na Waroma (jamii ndogo za Ulaya, siyo watu wa Roma), Wayahudi waliowahi kuhukumiwa kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja, zaidi ya watu 10,000, na kama 6,000 wakaletwa Sachsenhausen. Walikuwa hawajafanya kosa jipya lolote. Iliitwa kuzuia uhalifu kabla haujatokea. Fomu zipo, mihuri ipo, sahihi ipo, kila kitu kiko sawa kwenye faili, na ndo maana hili linanitisha kuliko mijeledi, maana mwenye mjeledi unamuona ila afisa aliyejaza fomu saa nne asubuhi akaenda kunywa kahawa humuoni.

Kuna lingine. Julai 1942 kikosi cha polisi wa akiba kutoka Hamburg, cha 101, watu wazima, wengi walikuwa na familia, walifikishwa kijiji cha Józefów huko Poland, kamanda wao huku analia akawaambia kazi ya leo ni kuua Wayahudi, wanawake na watoto na wazee, na asiyejisikia kuifanya atoke mbele. Kama mia tano walikuwepo. Walitoka kama dazani moja hivi. Hao waliotoka hawakupigwa risasi wala kufungwa, walipewa kazi nyingine tu. Hadi jioni watu kama 1,500 wameuawa.

Kwa hiyo ile hoja ya amri ni amri, ningekataa ningeuawa, kwa polisi wale haikuwa kweli. Mlango ulikuwepo umefunguliwa na afande mwenyewe na bado karibu wote wakabaki kwenye mstari. Kwanini? Aibu ya kuonekana mwoga mbele ya wenzako. Mazoea ya ndiyo afande. Na, hii ndo hoja yangu ya makala yote, hakuna aliyewahi kuwafundisha kukataa, walikuwa wamefundishwa kila kitu isipokuwa hicho.

Leo kwenye sheria ya watumishi wa umma wa majimbo kuna kifungu cha 36 ambacho kila mwanafunzi wa Oranienburg anatakiwa akijue kama jina lake. Kinasema mtumishi anawajibika yeye mwenyewe binafsi kwa uhalali wa alichofanya. Ukiwa na mashaka na amri, ni WAJIBU wako, siyo hiari, kumwambia mkubwa wako haraka. Akiikazia na wewe bado una mashaka unapanda kwa mkubwa wa juu yake. Huyo naye akiithibitisha unatekeleza na lawama inakuwa yao, ukiomba wanakupa kwa maandishi, isipokuwa kama amri inavunja utu wa mtu au ni jinai na wewe unaweza kuliona hilo, hapo hutekelezi hata ikithibitishwa na nani. Ona ilivyo na akili, haisemi kila askari afanye anavyojisikia, maana hiyo nayo ni fujo, inampa ngazi za kupanda na inamwambia mwisho wa ngazi ni wapi.

Wanafunzi wa pale wanapelekwa kambini, na sio safari ya basi, ni kuvuka tu. Hilo nalipenda. Zaidi ya watu 200,000 walifungwa pale kati ya 1936 na 1945, makumi ya maelfu wakafa, vuli ya 1941 peke yake mateka wa Kisovieti zaidi ya 10,000 walipigwa risasi za kisogo kwenye kile chumba kilichofanywa kionekane kama cha daktari wa kupima urefu. Na baada ya Wanazi kuondoka Wasovieti nao wakaigeuza kambi yao, hadi 1950 walipita kama 60,000, walikufa kama 12,000 kwa njaa na magonjwa. Kwa hiyo hata yule atakayesema hayo ni ya Hitler tu anajibiwa na ardhi ile ile.

Lakini sharti langu ni hili: kuona haitoshi. Mtu anaweza kutembezwa, akanyamaza kwa heshima, akapiga picha geti, akarudi bwenini na akawa vile vile. Septemba 2020 huko North Rhine-Westphalia, jimbo la digrii kwa kila mtu, maafisa 29 walisimamishwa kwa mara moja kwa sababu ya magrupu ya WhatsApp yenye picha za Hitler na matusi kwa wakimbizi, wengi walikuwa kwenye kituo kimoja, Mülheim. Mwaka uliofuata Frankfurt kikosi maalum kizima kilivunjwa kwa mambo ya aina hiyo. Kinachonikera sio wale waliotuma, wajinga wapo kila kazi. Ni wale waliokuwa kwenye grupu miaka wanasoma tu hawasemi kitu. Hao ndo wale wa kwenye mstari wa Józefów, kwa kiwango kidogo sana lakini ugonjwa ni ule ule.

Na sisi weusi tuna orodha yetu. Oury Jalloh, mtu wa Sierra Leone, aliungua moto hadi kufa tarehe 7 Januari 2005 ndani ya mahabusu ya polisi Dessau akiwa amefungwa mikono na miguu kwenye godoro, na mpaka leo watu wanaandamana kila Januari. Agosti 2022 Dortmund kijana wa Kisenegali wa miaka 16, mgonjwa wa mawazo, amekaa mwenyewe na kisu amejielekezea tumboni, wakaja maafisa kumi na kitu, wakampulizia pilipili, akainuka, wakampiga shoti ya umeme na mara hiyo hiyo risasi za bunduki ya rashasha. Desemba 2024 maafisa watano waliokuwa mahakamani wakaachiwa huru wote. Mi sio mwanasheria, mahakama imesema ilivyosema, ila najiuliza pale uani kabla ya ile pilipili kutoka, mtoto ametulia hamtishii mtu, nani alitakiwa kusema afande subiri kwanza? Maafisa wote wale wamepita chuo. Kifungu wanakijua. Sekunde zile hakuna aliyekifungua.

Ndo maana nasema kukataa kufundishwe kama shabaha inavyofundishwa, kwa mwili, kwa kurudia. Huwezi kumpa mtu muhadhara wa bastola halafu ukategemea alenge. Mweke kwenye zoezi, mkufunzi mwenye nyota nyingi amkaripie amri ya hovyo mbele ya wenzake, muone kama sauti yake itatoka. Ikishindikana arudie wiki ijayo, na apewe maksi, na maksi hizo zihesabike kwenye cheti kama za kukimbia na kuogelea.

Na kama kuna mkufunzi wa pale anasoma Kiswahili (huwezi jua, Husen aliwafundisha wenzake) nina ombi. Chukua kesi ya Husen uilete darasani. Usianze na kifo. Anza na siku ya kukamatwa 1941, waulize vijana kuanzia hapo mpaka anaingizwa kambini alipita kwenye meza ngapi, kwenye kila meza alikaa mtu anayelipwa na serikali, huyu aliandika jina, huyu aligonga muhuri, huyu aliendesha gari. Halafu wape karatasi tupu, kila mmoja achague meza moja, aandike barua ambayo yule wa pale hakuiandika.