Clandon Park: Kuijenga Upya au Kuiacha Gofu?

Aprili 29, 2015, moto ulianzia kwenye kisanduku cha umeme chini kabisa ya Clandon Park, jumba la Surrey, kusini mwa Uingereza. Kulipokucha zilibaki kuta. Jumba hilo lilisanifiwa miaka ya 1720 na Giacomo Leoni, mzaliwa wa Venice, kwa ajili ya ukoo wa Onslow, na limeorodheshwa Daraja la I, ulinzi wa juu kabisa wa majengo nchini humo. Mwanzoni National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale na wenye mali, waliahidi kurudisha vyumba vikuu vya chini. Mwaka 2022 wakageuza kauli: libaki gofu, liezekwe, watu waje kutazama.

Hoja yao si nyepesi. Plasta ilipoanguka jumba lilivuliwa nguo: matofali yaliyofichwa karibu miaka 300, matundu ya boriti, meko za ghorofani zilizoganda ukutani bila sakafu chini yake. Na fundi wa leo, awe hodari vipi, nakshi atakazofinyanga ni zake, si za Giuseppe Artari, fundi wa plasta wa awali. Msanii Mwingereza William Morris alipigania jambo hilihili, majengo ya kale yatunzwe yasiundwe upya, tangu 1877.

Lakini kwa nje Clandon ni sanduku la matofali mekundu, basi. Ujanja wa Leoni uko mlangoni: unatoka kwenye wekundu ule, hatua moja tu, uko ndani ya Ukumbi wa Marumaru, mchemraba wa takriban mita 12 kila upande, weupe mtupu, na darini sanamu za plasta zikining'iniza miguu nje ya fremu kama watu wanaotaka kuruka chini. Kuutunza ukuta na kuukosa ukumbi huo ni kubaki na chicha, tui limemwagika.

Wengi hutaja Uppark, jumba jingine la National Trust, lililoungua 1989 na kufunguliwa tena 1995 baada ya mafundi kujifunza upya kufinyanga plasta kwa mkono. Mfano huo unabeba nusu tu ya mzigo, maana Uppark vitu vingi viliokolewa. Clandon chumba kilichopona karibu kizima ni kimoja, cha Maspika wa Bunge waliotoka ukoo wa Onslow.

Mimi ningerudisha ukumbi peke yake, kwingine kubaki matofali. Meko zake za marumaru, kazi ya mchongaji Michael Rysbrack, hazikuteketea. Zinatazamana bado, dari hakuna.