Damu Iliyonukia Maharage

Baba mdogo wangu ana ugonjwa wa kuona heri. Mwambie umeibiwa simu, atakujibu kuna heri ndani yake. Mvua ikikukutia dagaa umezianika pale Kibirizi, heri. Ukibisha anakuletea ile aya ya 216 ya Suratul Baqara, kwamba huenda mtu akachukia jambo nalo ni heri kwake, kisha anakohoa kidogo kukujulisha kuwa mjadala umefungwa. Na huyo ndiye aliyekuwa mshenga wangu nilipokwenda kuposa Tabora.

Tulikata tiketi za treni Kigoma, daraja la pili kulala. Zawadi za ukweni zilikuwa dagaa na dumu la lita 10 la mawese, tuliyoyanunua asubuhi soko la Mwanga. Anayeyajua mawese anajua tabia yake: kukiwa na ubaridi huganda, ukilipindua dumu hayana haraka ya kwenda popote. Jua likipanda yanayeyuka na kutiririka. Kifuniko cha dumu letu kilikuwa kimelegea, muuzaji akakisaidia kwa kipande cha nailoni, na kwa kuwa mawese yalikuwa yamelala usingizi hakuna aliyeona kasoro. Behewa nalo lilikuwa limepigwa jua mchana kutwa. Baba mdogo akalilaza dumu kwa ubavu huko juu penye mizigo, mimi nikapanda kitanda cha juu, kichwa upande huohuo. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya, nyeupe. Hiyo ilikuwa amri yake: posa huanzia njiani, hujui nani anakutazama kwenye treni.

Tulikuwa tumeshaipita Uvinza, taa zimezimwa, nikashtuka usingizini kifua kimelowa. Uvuguvugu. Nikapapasa, mkono ukateleza. Nikawasha tochi ya simu: kanzu nyekundu tangu shingoni hadi tumboni. Mimi sikumbuki nilichosema, ila wenzangu chumbani wanadai nilisema, "Jamani, nimeuawa!"

Akina mama wa chumba cha jirani wakaanza kuita mwizi. Mzee mmoja akasimama, akanishika kiganja, akawa ananitamkisha shahada taratibu, nami namfuatisha kwa sauti ya mtu anayeondoka. Tulikuwa tunaimaliza vizuri kabisa. Ndipo kijana mmoja wa Kasulu, mfanyabiashara wa maharage, akasogeza pua.

"Mzee, subiri kwanza. Mbona damu hii inanukia maharage?"

Akalamba kidole. "Mawese haya. Tena mazuri."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na mzee wa shahada akaniachia mkono kama mtu aliyetapeliwa. Baba mdogo akaliinua dumu, akaona limebaki nusu, akatikisa kichwa. "Alhamdulillah. Je, ingekuwa damu kweli?"

Heri ya Mungu huonekana upesi ikiwa kanzu ni ya mwenzako. Nilifua kwa sabuni kwenye kile kisinki kidogo cha behewa, doa likapanuka tu na kugeuka rangi ya embe bivu. Nikawa nawawaza wazee wetu, waliotembea kwa miguu kati ya Ujiji na Tabora na pembe za ndovu mabegani kabla Wajerumani hawajafikisha reli Kigoma mwaka 1914. Wenzangu hao walifika na mizigo yao. Mimi dumu moja limenishinda nikiwa nimelala.

Kanzu ya akiba ilikuwepo moja tu, ya Baba mdogo. Sasa, Baba mdogo ni mfupi. Si mfupi wa kuhurumiwa, ila ni mfupi. Kanzu yake mwilini mwangu ilikomea katikati ya miundi. Dereva wa bajaji aliyetupeleka Isevya alinitazama miguu, akatutajia nauli, akanitazama tena miguu.

Mkwe alipotufungulia mlango, macho yake hayakuja usoni kwangu. Yalishuka moja kwa moja chini, yakakaa huko. Nikajua posa imekufa.

"Mashaallah," akasema. "Kijana wa sunna."

Kwa asiyejua: wapo ndugu zetu wanaoshikilia sana kwamba vazi la mwanamume lisishuke chini ya vifundo vya miguu. Mkwe wangu ni mmoja wao, jambo ambalo mchumba wangu hakuwahi kunidokeza. Nikafungua mdomo nieleze habari za dumu, Baba mdogo akanikanyaga kidole. "Kijana wetu hapendi makuu," akasema.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda yenyewe. Fununu za mahari zilizokuwa zimenifikia zilikuwa za kunifanya niuze pikipiki, na mnunuzi nilikuwa nimeshamtafuta. Mkwe akasema kijana anayeishi na sunna asikomolewe, kwani ndoa yenye baraka ni ile yenye gharama nyepesi. "Sadakta!" akaitikia Baba mdogo, kwa sauti iliyozidi kidogo. Na kwa kuwa mahari ni haki ya mwanamke, shangazi akatumwa ndani akamuulize mwenyewe. Tukasikia kicheko nyuma ya pazia. Shangazi akarudi na jibu: msahafu, kitanda na godoro, na pikipiki isiuzwe, maana yeye hatembei kwa miguu.

Nilidhani yamekwisha. Adhana ikapigwa, mkwe akanishika bega.

"Mwanangu, tangulia utusalishe."

Waliosimama nyuma yangu walikuwa wazee watupu, ndevu zimeshiba. Sura ninazozijua mimi hazimalizi vidole vya mkono mmoja, na siku hiyo hata hizo zilinikimbia, ikabaki Kulhuwallahu. Lakini ilikuwa Adhuhuri, na Adhuhuri imamu husoma kimyakimya. Ingekuwa Magharibi ningerudi Kigoma bila mke. Tulipotoa salamu, mzee mmoja alinisifu kwamba nasoma kwa utulivu.

Tumeshaoana. Juzi nilipeleka kitambaa kwa fundi wangu Mwanga nishonewe kanzu ya Idi, maana tutakwenda kula sikukuu Isevya. Fundi akapima, akashangaa mbona namwambia akate juu hivyo ilhali kitambaa kinatosha na kubaki. Nikamwambia akate.