The Killing, Juni 2011: Watazamaji Walitoa Mji, Jibu Hawakupewa

Jumapili ya Juni 19, 2011, Wamarekani zaidi ya milioni mbili walikaa mbele ya runinga kusubiri jina moja. Tangu Aprili kituo cha AMC kilikuwa kikiwatembezea, hadi kwenye matangazo yake, swali lilelile: nani alimuua Rosie Larsen? Walilifuata kwa Jumapili 12. Sehemu ya 13 ya tamthilia ya The Killing ikaisha, majina ya waigizaji yakapita, na muuaji hakutajwa. Kabla hakujakucha, hasira zilikuwa zimejaa mtandaoni. Mhakiki Alan Sepinwall, mmoja wa wanaosomwa sana katika fani hiyo, aliandika kwamba hatauhakiki tena mchezo huo kwa sababu hatautazama tena.

Kwa ambao hawakuiona (na anayetaka kuitazama bila kuharibiwa uhondo aishie hapa): Rosie, binti wa shule wa Seattle, anakutwa amekufa ndani ya buti la gari lililozamishwa ziwani. Gari ni la kampeni ya Darren Richmond, diwani anayewania umeya. Mpelelezi Sarah Linden, aliyekuwa mbioni kuhama mji, anabaki kwa ajili ya kesi hiyo akiwa na mwenzake mpya, Stephen Holder, zamani mtumiaji wa dawa za kulevya. Mvua hainyamazi. Kila sehemu ni siku moja ya upelelezi.

Mwishoni Richmond anakamatwa kwa ushahidi wa picha ya kamera ya darajani inayomwonyesha akiendesha gari lile. Linden anapanda ndege na mwanawe, roho imetulia. Mara anapigiwa simu: kamera za daraja hilo zilikuwa hazifanyi kazi. Picha ni ya kughushi, na aliyeileta ni Holder. Wakati huohuo rafiki wa familia ya marehemu anamnyooshea Richmond bastola. Kiza.

Waliokasirika walikuwa na hoja ambayo yeyote aliyekulia kwenye vitendawili anaielewa. Ukishindwa, unaombwa mji. Ukishautoa, mtegaji hana ruhusa ya kuondoka na jibu lake mfukoni. Hawa walitoa mji mara 12. Tena si kwa raha, maana katikati ya msimu walizungushwa vibaya. Sehemu kadhaa ziliteketea kwa mwalimu Bennet Ahmed, ambaye dalili zote zilimwelekea mpaka baba wa Rosie akampiga nusura amuue, kisha ikadhihirika kuwa hakuhusika. Mtazamaji aliyevumilia chenga hiyo aliivumilia kwa kuamini kuna goli mbele.

Upande wa pili nao haukuwa mtupu. Veena Sud, aliyeitengeneza tamthilia hiyo kwa Marekani, alijitetea kwamba hakuwahi kuahidi jibu ndani ya msimu mmoja, na kwamba alikusudia kwenda kinyume na tamthilia za polisi ambazo kila kesi hufungwa kabla ya saa kuisha. Utetezi huo una mizizi. The Killing ilitokana na Forbrydelsen ya Denmark, ambayo kesi yake ya kwanza ilichukua sehemu 20, na kituo cha DR kiliikata katikati: nusu ilirushwa mwanzoni mwa 2007, nusu iliyobaki ikangoja vuli. Wadenmark walisubiri miezi na hawakuvunja vyombo. Wamarekani wenyewe mwaka 1980 walikaa na swali la nani alimpiga risasi J.R., mhusika wa tamthilia ya Dallas, kuanzia Machi hadi Novemba, na jibu lilipokuja walilitazama kwa makumi ya milioni. Nasi tuliosoma hadithi za magazetini tunalijua neno "itaendelea"; tulilisonya, na wiki iliyofuata tukanunua gazeti.

Kwa hiyo hoja ya "walituahidi" peke yake hainitoshi. Tangazo ni kazi ya kitengo cha masoko, si ya mwandishi, ingawa mtazamaji hana sababu ya kuwatenganisha. AMC wenyewe walilielewa hilo wakiwa wamechelewa: mwanzoni mwa 2012 mkuu wao wa vipindi, Joel Stillerman, alikiri kwamba hawakuyasimamia vizuri matarajio ya watu, akaahidi muuaji atajulikana mwisho wa msimu wa pili.

Kilichooza, kwa maoni yangu, ni ile picha. Katika J.R. kilichofichwa kilikuwa jibu tu. Hakuna mhusika aliyegeuzwa mtu mwingine ili tushtuke. Hapa kitu bora kuliko vyote katika msimu mzima kilikuwa urafiki mgumu wa Linden na Holder, uliojengwa na Mireille Enos na Joel Kinnaman kwa subira kubwa, sigara baada ya sigara, ndani ya lile gari lenye vioo vya ukungu. Dakika za mwisho zikauchukua zikauuza kwa mshtuko mmoja. Mtu anaweza kusamehe kucheleweshewa jibu. Hapa waliingizwa mjini na mji wameutoa wao. Msimu wa pili ulilazimika kuanza kwa kumsafisha Holder, na kazi ya kusafisha inaonekana wazi.

Bei ililipwa. Sehemu ya kwanza kabisa ilitazamwa na takriban watu milioni 2.7, msimu wa pili ulipoanza, Aprili 2012, walibaki kama milioni 1.8. Cha kusikitisha, jibu lilipotolewa Juni mwaka huo lilikuwa zuri. Jamie, msaidizi wa Richmond, alimpiga Rosie na kumfungia kwenye buti ili kulinda siri ya kampeni. Lakini aliyelisukuma gari ziwani, asijue aliyemo, alikuwa Terry, mama yake mdogo Rosie. Mauaji yalikuwa yamekaa jikoni kwa akina Larsen muda wote, yakiwasaidia kulea watoto. Ni jibu linalotoka ndani ya hadithi, na wengi walioliuliza swali hawakuwepo kulisikia. Mwezi uliofuata AMC wakaifuta tamthilia, kisha wakairudisha 2013 kwa kesi mpya, na safari hii muuaji alijulikana ndani ya msimu uleule.

Mimi niliitazama misimu hiyo miwili mfululizo, miaka mingi baadaye, na baina ya ile simu ya ndegeni na mwendelezo wake nilisubiri muda wa kujaza kikombe cha chai. Suala la kukosa jibu halikuniuma hata kidogo. Picha iliniuma. Nilirudi nyuma sehemu mbili kumtazama Holder usoni, nikitafuta mahali ambapo tungeweza kumshtukia, na sikupaona.