Kamera ya Chuo Ilivyokwenda Matangani Koboko

Kanuni za Marekani za kutoa vifaa nje ya nchi zinataka kifaa ulichosafiri nacho uwe umekishika mwenyewe, au kiwe kimefungiwa mahali salama, mfano sefu ya hoteli. Mimi sikufikia hotelini. Nilifikia kwa mama, Bombo, Uganda, na sefu ya pale ni sanduku la bati lenye vitenge na hati ya kiwanja.

Kifaa chenyewe ni kamera ya joto, ile inayoona joto la mwili hata gizani, mali ya chuo changu cha Marekani, ya kuhesabia popo wanapotoka jioni. Ningechukua ile ya fremu 9, yaani picha 9, kwa sekunde, yasingenipata haya. Mpaka fremu 9 kamera iko kwenye daraja jepesi la kanuni hizo. Ikizidi hapo inaingia daraja la 6A003, na kuileta Uganda kunahitaji leseni, maana kamera inayofuata vizuri kitu kinachokimbia haijali kama ni popo au gari la jeshi. Kwa sura zinafanana kama pacha, kwa hiyo usiamini macho, soma karatasi ya mtengenezaji. Tatizo ni popo wenyewe. Popo anayeruka mita 10 kwa sekunde, kamera ya fremu 9 inampata kila baada ya mita moja na ushee, na hapo hujui kama ni yuleyule au shemeji yake. Ya fremu 30 inampata kila sentimita 33. Nikaomba ya 30.

Ofisi ya chuo ikataka namba ya mashine, idadi ya fremu, tarehe ya kurudisha, na kila nchi nitakayokanyaga, hata ile ya kubadilishia ndege. Nikasubiri wee. Leseni ikaja, nchi ni Uganda, nukta. Betri za lithiamu za akiba, kila moja chini ya wati-saa 100, nikaziziba ncha kwa tepu na kupanda nazo mkononi, kwa sababu kwenye mzigo wa chini haziruhusiwi. Entebbe nikajitangaza forodhani, wakanakili namba ya mashine na kunipa karatasi ya kuingiza kwa muda. Hiyo karatasi itunze kama pasipoti. Bila hiyo, siku ya kuondoka utaulizwa mashine uliipata wapi.

Mpaka hapo mimi ni mwanafunzi wa mfano. Kisha nikaitwa Ntinda, Kampala, kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kufuatilia kibali cha utafiti. Nikajua sitarudi siku hiyo. Kamera, kwenye kasha lake jeusi la plastiki gumu, nikaiacha kwa mama.

"Mama, huu mzigo usiachwe peke yake hata dakika moja."

"Sawa, baba."

Narudi kesho yake jioni, nyumba kimya. Sanduku la bati lipo, kasha halipo. Mdogo wangu anakula roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai, mlangoni.

"Mama yuko wapi?"

"Koboko. Mjomba wake amefariki."

"Na lile kasha jeusi?"

"Kaenda nalo. Si ulisema lisiachwe peke yake?"

Nikapiga simu. Mtandao unakuja unakwenda, nasikia injini ya basi na kuku.

"Mama, mko wapi?"

"Tumeshavuka, baba."

Miguu ikaisha nguvu. Koboko iko karibu na Sudani Kusini na Kongo, na nchi zote mbili ziko kwenye orodha ya Marekani ya vikwazo vya silaha. Kamera ikivuka pale, hata kwenye kikapu cha bibi, hesabu yake ni kuitoa tena kwenda nchi ya tatu bila leseni. Faini yake inaweza kupita dola 300,000 kwa kosa moja.

"Mmevuka nini, mama?"

"Daraja la Pakwach. Mbona unapumua hivyo?"

Nikamwomba asivuke kingine chochote. Akasema baada ya siku tatu za matanga atapitia Yei kuwapa pole wakwe. Yei iko Sudani Kusini. Usiku uleule nikadaka basi barabarani, Karuma, Pakwach, Arua, magoti yamenibana mdomoni, nikifika Koboko asubuhi nikiwa na vumbi kuliko wafiwa.

Kasha nililiona toka mbali. Lilikuwa katikati ya turubai, na juu yake ameketi mzee mmoja wa kanzu, fimbo mkononi, anapokea pole. Viti vilikuwa vimepungua. Mama alikuwa kando yake, mkono mmoja juu ya mpini, hakuuondoa hata wakati wa dua. Sijapata kuona kifaa kimedhibitiwa namna ile.

Utamwambiaje mzee inuka? Nikakaa mkekani, nikanywa chai, nikasubiri mpaka adhuhuri alipokwenda kutawadha. Nikafungua vibana: lenzi nzima, namba ya mashine ileile, fremu 30.

Niliandikia ofisi siku hiyohiyo. Ukificha, jambo dogo linageuka kubwa, na kuamua kama serikali ya Marekani iambiwe ni kazi yao. Nikaeleza tarehe, saa, njia basi lilikopita, na kwamba mpaka haukuvukwa. Fomu ilikuwa na nafasi ya kueleza kifaa kilihifadhiwaje nilipokuwa mbali. Nikaandika: "Kimekaliwa."

Jibu lilikuja na maswali mawili. La kwanza, mama yangu ni mfanyakazi wa chuo? La pili, aliyekalia ana uzito gani?

Kamera imeshavuka bahari, iko kabatini chuoni. Juzi mama kapiga simu: yule mzee wa Koboko anaulizia kiti chake.